Ribiti Kumi na Moja Upande wa Kulia

Tk. Kimya. Tk.

Nilidhani ni panya. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nyumba nzima giza, na huko jikoni kitu kilikuwa kinapasuka kidogokidogo, kama mtu anavunja njiti za kiberiti moja baada ya nyingine. Nilishuka ngazi pekupeku. Chini ya meza nilimkuta Junie, binti yangu wa miaka mitano, kajikunja ndani ya gauni lake la kulalia, mfuko wa karatasi mapajani. Anabambua karanga.

"Nani kakupa, mama?" nilimnong'oneza.

"Yule bibi wa kwenye uzio."

Nilipiga magoti kuzoa maganda, lakini taa ikawaka juu yetu. Baba mkwe wangu, Mzee Harlan Dietz, alikuwa mlangoni, buti zimeshafungwa kamba, kofia kichwani. Siku ya mbio huyo halali.

Watu wa vigari vya mbio wana miiko yao, na nyumba ya Dietz iliishika yote. Karanga za maganda haziingii ndani, wala haziletwi karibu na kigari. Rangi ya kijani hakuna, hata soksi. Mwanamke hakalii kiti cha dereva. Ukiuliza sababu, hawakupi sababu. Wanakutajia majina ya marehemu.

Alinitazama mimi, si mtoto.

"Leo," alisema. "Katika siku zote, leo."

Nikamwambia mtoto hajui. Akanijibu kwamba mtoto hajui, sawa, ila mama mtu ana shule, tena shule ya jioni, profesa mzima, basi labda huko ndiko wanakofundishwa kuingiza mikosi kwenye nyumba za watu. Alinyakua ule mfuko, akafungua mlango wa nyuma, akautupa mbali kwenye nyasi. Kisha akachukua ufagio akafagia mwenyewe, kona zote, maana hakuniamini kwamba sitabakiza ganda.

"Namba Nane ikipata mkwaruzo mmoja leo," alisema huku ameinama, "mizigo yenu naitoa nje kwa mikono yangu. Wewe, mumeo, na huyu."

Hakutaja jina la mjukuu wake. Junie alikuwa bado na karanga moja mdomoni, anaogopa kuitafuna.

Namba Nane ni kigari. Ukikiona mara ya kwanza utacheka: beseni la kuogea lenye magurudumu, alumini iliyokunjwa kwa nyundo, kiti kimoja, usukani uko karibu kukugusa kifua. Hakina stata, hakina klachi. Kinasukumwa na pikapu kwa nyuma mpaka injini ikohoe, na ikishakohoa hakuna kusitasita, ni kwenda au kuzimika. Kinakunywa spiriti, si petroli, na injini hulainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Wazee wakiisikia harufu ile hunyamaza katikati ya sentensi.

Vilianzia California miaka ya thelathini, enzi za njaa, vijana wasio na kazi wakifunga injini za boti na za pikipiki kwenye fremu walizochomelea wenyewe. Watu wakajaa viwanjani. Vita vilipokwisha wakarudi wanaume wazima wa mwili lakini wasioweza kutulia kwenye kiti cha sebuleni, nao wakaingia humo. Huku kwetu Indiana kulikuwa na mbio kila jioni ya juma, Jumatatu mji huu, Jumanne mji ule, dereva analala njiani na udongo wa kiwanja bado uko puani. Halafu televisheni ikaingia majumbani, watu wakaanza kupenda mbio za magari ya kawaida, na vile vigari vikaachwa kwenye mabanda, kuku wakatagia kwenye viti.

Namba Nane yetu ilijengwa na Mzee Emil, baba yake Harlan, kwa mikono yake, katika majira ya baridi ya kuingia mwaka 1950. Ndivyo nilivyoambiwa. Mzee Emil aliiwekea dereva wa kukodi, ikashinda mbio arobaini na moja. Harlan mwenyewe akaiendesha baadaye, akashinda kumi na saba. Hesabu hizo nilizijua kabla sijajua majina ya wakwe zangu wote, maana zilisomwa mezani kama sala ya chakula.

Nami niliipenda. Siku ya kwanza niliyoisikia ikiwaka nilikuwa na mimba ya Junie, miezi saba. Pikapu ilisukuma, kigari kikakohoa, kikapiga kelele moja kavu iliyonipita kwenye meno, na mtoto akageuka tumboni. Niliweka mkono pale nikacheka peke yangu. Sikuwa na wa kumwambia. Kwa Mzee Harlan, mwanamke kupenda kigari cha mbio ni kama kuku kuingia kanisani: hakatazwi na sheria, ila atatolewa.

Basi nikaenda shule. Miaka miwili, kila Jumanne na Alhamisi jioni, kwenye karakana ya sekondari ya mji, darasa la kunyoosha bodi na kupaka rangi. Wanaume kumi na wanne na mimi. Mume wangu Wade alibaki na mtoto na kumpikia makaroni yaliyoungua, nami nilirudi nywele zikinuka tina ya kuyeyushia rangi. Baba mkwe aliniita profesa tangu wiki ya kwanza. Lakini mwaka huu mkono wa fundi wake wa rangi ulianza kutetemeka, bampa ya pikapu ilikuwa imebambua mkia wa Namba Nane, na mbio za kumbukumbu za vigari vya zamani zilikuwa zimebaki wiki tatu. Akaniletea funguo za karakana. Neno lake lilikuwa moja: "Usiharibu."

Fundi wetu wa shule alitufundisha kusoma rangi kabla ya kuigusa. Unachukua msasa wa maji, unazungusha kidole mahali padogo kama sarafu, polepole, mpaka ulione bati. Rangi zinajitokeza kwa duara, moja ndani ya nyingine, kama pete za kisiki. Ya nje ndiyo mpya. Ya ndani kabisa ndiyo ya kwanza kupakwa.

Niliusoma mkia wa Namba Nane jioni ya Jumatano, Junie pembeni yangu na kalamu zake za rangi. Nyekundu. Nyekundu iliyokoza. Krimu. Nyeusi. Na katikati, imeikumbatia alumini, kijani. Kijani cha trekta.

Nilikaa chini sakafuni.

Katika kaunti yetu kimewahi kuwapo kigari kimoja tu cha kijani. Kilikuwa cha Lyle Prather. Agosti 1949, kiwanja cha Pruitt, kona ya tatu, gurudumu la mbele lilikatika, kigari kikapinduka na Lyle akafa kabla hawajamfikia. Rangi ilikuwa imechaguliwa na dada yake, Oleta. Alikuwa na mkebe uliobaki baada ya kupaka trekta la baba yao, na alikuwa mtu wa kucheka miiko. Hata ribiti za mkia, ile misumari mifupi ya kushikiza bati, alizigonga yeye, usiku kucha, na kwa sababu ya kupiga soga alikosea hesabu: kumi na mbili kushoto, kumi na moja kulia. Baada ya mazishi mji ulimwambia kwamba ni yeye aliyemuua kaka yake. Mama yake mzazi alikuwa wa kwanza kusema. Baba yake akampa muuza vyuma chakavu yale mabaki ayasage, akalipeleka trekta mnadani, na kijani hakikuonekana tena kwao.

Oleta hakuolewa. Sasa ana miaka sitini na minane, na kila kiangazi huja kwenye uzio wa kiwanja cha Pruitt na kiti chake cha kukunja, akasema mbele ya kila mtu kwamba Namba Nane ya Dietz ni ya Lyle, nendeni mkahesabu ribiti. Mzee Harlan hujibu kwamba kichaa yeyote mwenye miwani anaweza kuhesabu ribiti kutoka kwenye uzio kisha akatunga hadithi. Watu hucheka. Oleta hula karanga zake na kutupa maganda upande wetu.

Nilielewa kilichotokea bila kuambiwa. Muuza vyuma hakusaga, aliuza. Mzee Emil alinunua, akanyoosha, akajenga upya. Angekuwa mtu mwingine angeikwangua ile rangi mpaka batini. Lakini kuikwangua ni kuipeperusha: vumbi la kijani kwenye spana, kwenye matambara, kwenye pua. Mtu wa miiko hawezi. Akafumba macho akapaka nyeusi juu yake. Hofu yake ndiyo iliyotunza ushahidi.

Nilimwambia Wade usiku uleule. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba sijaona kitu. Nikasema nimeona. Akasema, "Corinne, tunakaa kwa baba. Unataka mtoto akalale wapi?" Na mimi, nisijisifu, nilirudi karakanani nikapaka rangi ya msingi, nikapaka nyekundu, nikapiga polishi mpaka nikauona uso wangu humo. Sikupenda nilichokiona.

Hayo yalikuwa wiki tatu nyuma. Leo mwandishi wa chama cha vigari vya zamani alikuwa anakuja na daftari. Kila kigari kinaandikwa humo mara moja: nani alikijenga, nani alikiendesha, kilishinda wapi. Kikishaandikwa kwa wino, hakifutwi. Mzee Harlan alitaka jina la baba yake humo kabla naye hajafa. Na jina hilo likishaingia peke yake, Oleta Prather anakuwa mwongo hadi kaburini.

Kiwanjani tulifika saa mbili. Udongo ulikuwa umemwagiwa maji, mweusi, unanuka kama shamba baada ya mvua, na harufu ya nyama za kukaanga ilishaanza kutoka vibandani. Vigari ishirini na kitu vilikuwa vimepangwa, vimeng'aa kama peremende. Nilimshika Junie mkono nikatafuta kivuli.

Oleta alikuwa ameshakaa. Mfupi, mkavu, kofia ya majani, mfuko wa karanga gotini.

"Harlan," aliita kupitia uzio. "Umelala vizuri juu ya mali ya watu?"

"Nenda nyumbani, Oleta. Jua litakumalizia akili iliyobaki."

"Iliyobaki inanitosha kuhesabu hadi kumi na moja. Yako je?"

Wanaume waliokuwa wakifunga magurudumu walicheka, wengine wakimcheka yeye, wengine wakimcheka Harlan, na baba mkwe aliwajua wote kwa majina. Alikwenda hadi kwenye uzio. Akamwambia kwamba mwaka huu ameanza kuwatumia watoto, amempa mjukuu wake uchafu wake aingize nyumbani kwake, na lau angekuwa mwanamume wangemalizana hapohapo.

"Mtoto alikuwa na njaa," Oleta alisema. "Jana mlikuwa hapa mnasugua chuma kwa muda wa saa nne. Hakuna aliyemwona isipokuwa mimi."

Hilo lilinichoma, maana lilikuwa kweli.

"Usimguse tena mtoto wa nyumba yangu," baba mkwe alisema. "Una historia mbaya na watu unaowapenda."

Wanaume waliacha kucheka. Oleta alitazama karanga iliyokuwa mkononi mwake kama amesahau hutumika vipi. Kisha akaivunja, akala, akatupa maganda juu ya uzio. Yalidondoka karibu na tairi la Namba Nane. Mzee Harlan aliyaokota moja moja mwenyewe, mishipa ya shingo imemsimama.

Mwandishi wa chama aliitwa Royce Lindgren, mrefu, mpole kupita kiasi, miwani imefungwa kwa kamba. Aliweka daftari juu ya boneti ya pikapu, akaizunguka Namba Nane mara mbili, akapiga magoti nyuma. Nilimwona midomo ikihesabu. Alipoinuka alisema kuna jambo lazima aliulize hadharani, ndiyo kanuni: yupo mtu mwenye neno juu ya kigari hiki?

"Ninalo," alisema Oleta.

"Analo kila mwaka," alisema baba mkwe. "Kama mafua."

Oleta alisema neno lake kwa kifupi, kama mtu aliyelirudia sana jikoni kwake. Lyle. Kijani. Ribiti. Royce aliandika kwenye karatasi ya pembeni, kisha akasema, kwa heshima zote, ribiti peke yake hazitoshi. Mafundi wengi wa wakati ule walikosea hesabu. Kama hakuna kingine, ataandika kama familia inavyosema.

"Andika," alisema baba mkwe.

Royce alifungua kalamu, akasita. "Mkia umepakwa upya. Nani alifanya kazi hii? Ni nzuri."

Na hapo, Mungu anisamehe, baba mkwe akanisifu kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alinionyesha kwa kidole gumba. "Huyo. Mke wa mwanangu. Profesa wetu."

Royce akanigeukia. "Basi uliifungua rangi kabla ya kupaka. Uliona nini chini?"

Nilihisi mkono wa Junie ndani ya wangu, una chumvi ya karanga. Wade alikuwa amesimama upande wa pili wa kigari, anatazama udongo. Baba mkwe hakunikazia macho kwa kunitisha, na hilo ndilo lililonishtua. Alinitazama kwa kungoja, kifua mbele, kama mtu anayengoja kusomewa shahada. Ndipo nikajua kwamba hakujua. Mzee Emil hakumwambia. Miaka yote ile alikuwa akimtukana yule mama kwa moyo safi.

Ningeweza kusema nyeusi. Neno moja. Tungerudi nyumbani, Junie akalala kitandani kwake, na mimi nikaendelea kuitwa profesa na watu wasiojua jinsi jina hilo lilivyonistahili.

"Sitaki kusema," nilimwambia Royce. "Nikisema, itakuwa neno langu juu ya neno la mtu. Nipe ruhusa nionyeshe."

Sura ya baba mkwe ilibadilika. "Uonyeshe nini?"

"Rangi, baba. Zote."

Akasema hakuna mtu atakayeikwangua kazi ya baba yake mbele ya watu kama nyama ya buchani. Royce, kwa upole wake uleule, akasema hiyo ni haki yake, ila sasa swali limeshaulizwa, na lisipojibiwa ataifunga kalamu na Namba Nane haitaingia daftarini, mwaka huu wala mwingine. Watu walishaanza kusogea. Mmoja akasema Harlan anaogopa nini. Mwingine akasema labda ribiti.

"Mimi?" alisema baba mkwe. Alitembea hadi kwenye kigari, akapiga kidole chini ya ukingo wa boneti, karibu na mahali pa usukani, mbali kabisa na nilipowahi kugusa. "Hapa. Kwangua hapa, waone, kisha huyu mwanamke afunge mdomo wake hadi afe. Na wewe, baada ya hapo, una mwaka mzima wa kuomba radhi."

Nilikuwa na msasa kwenye mfuko wa aproni. Mtu wa rangi hutembea nao. Maji sikuwa nayo. Nilitazama huku na huku, na nikamwona Wade anakuja na ndoo. Aliiweka miguuni pangu, akabaki amesimama upande wangu.

Nilipiga magoti. Nilizungusha kidole kama nilivyofundishwa, bila kukandamiza, nikisafisha kwa kitambaa kila baada ya mizunguko kumi. Nyekundu ikatoka kwenye maji kama supu ya nyanya. Nyekundu iliyokoza. Krimu. Mtu mmoja akasema krimu anaikumbuka, ya mwaka hamsini na sita. Nyeusi. Baba mkwe alisema, "Hiyo ndiyo ya baba. Imetosha."

"Bado sijafika kwenye bati, baba."

Mizunguko kumi zaidi. Nikafuta.

Mafundi wawili waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua moja, kama watu walioona nyoka amelala. Mzee mmoja alivua kofia. Katikati ya zile pete kilikuwepo kijani, chembamba, kibichi, kama jani lililochipua leo.

Baba mkwe aliinama mpaka pua ikakaribia alumini. Aliposimama uso ulikuwa mweupe, kisha mwekundu.

"Umekipaka wewe," aliniambia.

"Hapana, baba."

"Umekipaka wewe na yeye. Karanga nyumbani kwangu alfajiri, na sasa hiki. Nani alikuwa na funguo? Wiki tatu ulikuwa humo peke yako. Nimefuga nyoka jikoni, anakula mkate wangu."

Hili nililijua, na nililijua vizuri. Nilimwambia kwamba mahali amepachagua mwenyewe, kwa kidole chake. Na rangi haipiti chini ya rangi. Ili kijani kikae pale lazima kilikuwepo kabla ya nyeusi ya Mzee Emil, na nyeusi ya Mzee Emil ameitambua yeye mwenyewe sasa hivi mbele ya watu.

Royce alisema taratibu, "Anasema kweli, Harlan."

"Wewe nyamaza."

Lango la uzio lililia. Oleta alikuwa anaingia. Mwaka 1949 wanawake hawakuruhusiwa kukanyaga upande wa mafundi; alikijenga kile kigari kwao shambani na kukiona kikifa akiwa nyuma ya waya. Baadaye waliruhusu, lakini hakuwahi kuvuka. Sasa alikuja na kofia yake ya majani, watu wakampisha. Alilowesha kidole kwa mate, akakiweka juu ya ule mduara, akakiacha hapo.

Nilitegemea atamtukana. Ana haki ya matusi ya miaka thelathini na saba.

"Harlan," alisema. "Baba yako alishinda mara ngapi na kigari hiki?"

Alijua Harlan hawezi kutojibu. Hiyo ni sala ya nyumba yake.

"Arobaini na moja," alisema kwa meno.

"Na wewe?"

"Kumi na saba."

"Nani alikufa?"

Mzee Harlan aliivuta kofia machoni.

"Nakuuliza. Mbio hamsini na nane mlizoshinda, na zile mlizoshindwa, miaka yote hiyo, umekaa juu ya kijani changu. Nani alikufa humu?"

"Hakuna," alisema.

Oleta aliketi kwenye tairi la nyuma. Alitazama kidole chake.

"Basi ilikuwa gurudumu," alisema. Hakuwa akisema nasi. "Gurudumu tu. Haikuwa mimi."

Watu wengine waliondoka, wakajifanya wana bolti za kukaza. Baba mkwe hakuondoka, wala hakuinama kwake, wala hakumwomba radhi; sitaki kumpamba. Alimwambia Royce aandike anachotaka. Alimwambia Wade apakie trela, Namba Nane haiingii kiwanjani leo. Kisha akanijia karibu, nikasikia harufu ya kahawa.

"Jumatatu," alisema. "Jua likichwa nisikute hata kijiko chenu."

"Sawa, baba," nilisema.

Alingoja nilie. Sikulia. Wade alisema, bila kumtazama yeyote, kwamba hatapakia trela. Hilo ndilo neno kubwa kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwambia baba yake, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mzee Harlan akazivuta kamba mwenyewe, mbili, akashindwa kuzifunga, akaziacha chini akaenda zake upande wa vibanda. Nilimwona mgongo, jinsi ulivyokuwa mdogo ndani ya jaketi, na nilikuwa bado namchukia, na nilimwonea huruma, vyote pamoja.

Royce aliandika akiwa amesimama. Alinisomea ili nihakikishe. Kilijengwa na Lyle na Oleta Prather, 1949. Ribiti na rangi ya kwanza, Oleta Prather. Kilijengwa upya na Emil Dietz. Kisha akaniuliza jina langu kamili, la kuandika pale penye fundi aliyethibitisha rangi, na nikalitaja herufi kwa herufi, kama darasani.

Tutakwenda wapi Jumatatu, sikujua. Fundi wangu wa shule aliwahi kusema gereji ya binamu yake inatafuta mtu wa rangi, na kwamba juu yake kuna vyumba viwili. Nilikuwa nimeliweka neno hilo mahali, kama unavyoweka kifungo kilichokatika ukijua shati lake litarudi.

Nilitafuta Junie. Alikuwa amechuchumaa kando ya Oleta, mikono magotini, anaukagua ule mduara kwa makini, pete kwa pete, kama anavyokagua kalamu zake kabla ya kuchagua. Oleta alimnyooshea mfuko wa karanga. Junie alichukua moja, akaivunja mbele ya watu wote, tk, akagusa katikati ya zile rangi kwa kidole chenye chumvi.

"Mimi napenda hii ya kijani," alisema.